Filamu Waliyoipiga Kwetu

Walikuja Buruburu Jumatatu, jua halijatoka,
vijana kumi na wanne na taa kubwa kama sufuria za harusi.
Wakasema, mama, usiguse kitu,
nyumba yako iko vile vile tunavyoitaka.
Mpaka leo sijui kama nilisifiwa.

Kalenda ya Sacco inayoficha ufa, waliipenda.
Vitambaa nilivyofuma nikiwa na mimba ya Syombua, walivipenda.
Kabati la glasi za wageni,
glasi ambazo hakuna mgeni aliyewahi kuzinywea,
walilipiga picha mara saba.
Siku tatu tulikaa jikoni, mimi na Mbithi,
tukinong'ona ndani ya nyumba yetu kama wezi,
na pesa waliyotupa ikalipa geti na nusu ya karo.

Baada ya miezi minane wakatualika.
Ukumbi ulijaa, bisi zikinukia siagi.
Mbithi alivaa koti la mazishi, kwa kuwa ndilo koti.
Taa zikazimwa, na pale mbele,
pana kuliko ukuta wa kanisa,
kochi letu.

Mume wa watu alikuwa amelikalia, na kitambi cha kubandikwa,
akitafuta miwani iliyo kichwani mwake.
Watu wakacheka. Mbithi hakucheka;
mkono wake ulipanda polepole hadi utosini, kuhakikisha.
Mke wa watu akaleta mchuzi. Mume akaonja, akasema:
"Chumvi hapa ilipita tu, haikushuka."
Ukumbi ukapasuka.
"Hiyo ni yangu," Mbithi akaninong'oneza.
"Yule kijana wa kamera alinisikia. Jumanne. Ile ndengu yako."
Akalalamika kama mtu aliyeibiwa kuku,
kisha, vicheko vilipozidi, akakaa wima kidogo.

Lakini yule mwanamke alijibu.
Aliweka bakuli chini akasema dakika nzima, bila chozi,
habari za chumvi,
habari za mama mkwe anayepiga simu saa sita usiku
kuuliza kama mwanawe amekula,
habari za kulala na mgongo wa mtu miaka ishirini na mitatu
hadi ukaujua kuliko uso wake.
Mimi mambo hayo huyasema kwa kifuniko cha sufuria.
Nilitazama mbele tu.
Mbithi naye alikoma kutafuna.

Hapo ndipo nilipoiona, nyuma ya kichwa chake,
picha ya harusi. Yao.
Bwana arusi wa kuigiza, bibi arusi wa kukodi,
keki ya ghorofa tatu,
kwenye msumari wetu.

"Yetu iko wapi?"
Mbithi alifikiri. Watu walikuwa wakicheka jambo jingine.
"Si waliirudisha?"

Hawakuirudisha. Msumari ule
tulikuwa tukiutundikia funguo.

Saa tano usiku tuliikuta nyuma ya kabati la nguo,
imegeuzwa ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa,
na buibui amejenga pembeni bila kibali.
Mbithi akapanda kochi na viatu vyake,
kosa ambalo siku nyingine lingeitisha kikao cha ukoo,
akaupiga msumari kwa mchi wangu wa kutwangia saumu.
Mama Adagala akagonga ukuta kutoka upande wa pili:
"Kuna nini huko, usiku huu?"
"Harusi!" Mbithi akapaza sauti.

Ilikaa upande, na bado iko upande.
Akaitazama kwa miwani, akaitazama bila miwani.
"Kwani nilikuwa na nywele zote hizi?"

Sikumjibu. Nilikwenda jikoni kupasha ndengu.
Nikatia chumvi kijiko kimoja,
halafu, nilipomsikia akicheka peke yake sebuleni,
nikatia kingine.

Akala yote.
Usiku kucha alikunywa maji,
kwa glasi ya wageni.